Sinyora Aliyekaa Eda Hotelini

Nyinyi mnaoketi mapokezi sasa mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya simu kabla sijasahau, au kabla sijafa, na hilo la pili mlilisema mkicheka. Haya basi. Vyeo sitavitaja, maana nilianza nikiwa opareta nikamaliza nikiwa opareta mwenye kiti cha kuzunguka. Mshahara mnaujua wenyewe, kwani haujabadilika sana. Nitaeleza nilivyoanza na aliyenifunza, kisha niwaeleze habari ya mgeni mmoja ambayo hadi leo ikinijia hukosa raha siku nzima.

Nilikuja kazini nikitoka eda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maziwa, akafa barabarani huko Mariakani, lori limemlalia. Nikakaa eda kwa mamangu Takaungu, miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, sijitii manukato, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Nilipotoka nilikuwa na watoto wawili na hapana wa kuwalisha. Mamangu aliposikia kazi niliyoipata iko katika hoteli ya Wataliano, Malindi, alininunia juma zima. Nikamwambia, "Mama, nitaketi kwenye chumba kisicho na dirisha nikizungumza na nyaya." Hapo akalegea kidogo, akaniuliza kama chumba chenyewe kina mlango wa kufunga.

Aliyenifunza alikuwa Mama Atieno, mwanamke wa bara aliyekuwa akikaa Kisumu Ndogo, mnene, mkali, na masikio yake yalikuwa makali kuliko yeye. Swichibodi ya siku zile msiifananishe na vitu vyenu vya kubonyeza. Ilikuwa ubao uliosimama mbele yako, kila chumba kina tundu lake na kifuniko kidogo juu ya tundu. Mgeni akiinua simu chumbani, kifuniko kinaanguka, tak. Unachomeka waya mmoja kwake, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka wa pili kwenye laini ya nje. Chini ya kila jozi ya nyaya palikuwa na swichi ndogo, ukiisukuma mbele unawasikia wanaozungumza.

"Sukuma, sikiza kama wameshikana, rudisha," Mama Atieno aliniambia siku ya kwanza. "Ukisahau kurudisha, basi na masikio yako pia yasahau. Hii kazi imefukuzisha wasichana watatu, na wote walikuwa na sauti nzuri kukushinda."

Siku hiyo hiyo nilimuunganisha mpishi na mke wa mgeni mmoja wa ghorofani. Walizungumza kitambo kirefu na hapana aliyekuja kulalamika. Kitaliano nilikiokota humo humo masikioni, neno kwa neno, kuanzia matusi. Mwaka wa pili nilikuwa nakisema vizuri hata wageni wakadhani nimesoma kwao.

Sasa Sinyora. Ilikuwa katika miaka ya themanini, na hata kwetu sisi habari za mapinduzi hazikuwa za kuzungumziwa ovyo. Mwenye hoteli alimleta yeye mwenyewe kutoka uwanja wa ndege, akampa chumba cha mwisho upande wa bustani, akatuita sote nyuma ya jikoni akatuambia bibi huyu hana jina. Tumwite Sinyora, na akiulizwa na yeyote, hayuko. Tukaitikia. Jikoni, kabla ya chakula cha jioni, kila mtu alikwisha kujua kuwa mumewe alikuwa rais wa nchi moja ya Amerika ya Kusini. Nchi yenyewe siitaji, na nyinyi msijisumbue kukisia. Wanajeshi walikuwa wamemtoa Ikulu wakamfungia kambini. Mkewe siku hiyo alikuwa safarini Ulaya, ndipo akaponea. Babu zake walikuwa Wataliano, na mwenye hoteli alikuwa jamaa yake upande wa mama. Malindi ilikuwa mbali na kila kitu, ndiyo sababu akaletwa.

Kando ya swichibodi palikuwa na kijumba cha vioo cha kupokelea simu za ng'ambo. Sinyora alikuwa akija kila siku baada ya swala ya alasiri, wakati ambao kwao ni asubuhi, akaketi humo kungoja simu ya habari za mumewe. Simu haikuja. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimeanza mvi, na alikuwa na tabia ya kuketi wima kabisa, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, hata pasipo na mtu wa kumtazama. Siku ya kwanza tuliamkiana tu. Siku zilizofuata akaanza kuacha mlango wa kijumba wazi, tukawa tunazungumza kati ya simu moja na nyingine, Kitaliano changu cha masikioni na chake cha babu zake.

Nilimuuliza siku moja, mke wa rais hufanya kazi gani hasa. Wake wa wakubwa mimi niliwaona katika picha tu, wanakata utepe. Hakukasirika. Akasema, "Ni kazi ambayo hakuna aliyekuajiri na hakuna wa kumwandikia kuwa umeacha."

Alinieleza kwamba kulikuwa na ofisi, na meza, na gari, na wake wote wa marais waliomtangulia walipita kwenye meza hiyo hiyo. Mmoja alipenda kusifiwa, mwingine alikuwa mcha Mungu, mwingine hakuwa akiamka kabla ya adhuhuri, lakini kazi ilikuwa ile ile. Mfuko wa mayatima ulikuwa chini ya mke wa rais. Vitanda vya hospitali, midoli ya Krismasi, mablanketi ya wakati wa baridi. Na kila asubuhi palikuwa na foleni ya akina mama mlangoni. Polisi wakimchukua kijana wa mtu, mamake hakwenda kwa rais, alikwenda kwa mke wa rais, akidhani mwanamke mwenziwe atamwonea huruma.

"Na ukiwafanyia nini?" nikamuuliza.

"Mara moja moja nilimtoa mmoja. Wengi sikuwatoa. Walidhani nina nguvu, Mwanasha. Mimi nilikuwa na mablanketi."

Jambo kubwa kuliko yote, alisema, ni kukaa mahali pako. Siku ya taifa una kiti chako, kanisani una kiti chako, rais akizikwa una kiti chako mbele kabisa, karibu na yule anayeshika nchi baada yake. Huko kwao watu hawasomi magazeti, maana magazeti ni ya serikali. Wanatazama kiti. Wakimwona mjane ameketi kwa utulivu kando ya rais mpya, wanajua mambo yamekwenda salama, wanarudi makwao. Kiti kikiwa kitupu, wanajua pana damu.

Nilimsikiliza kama unavyosikiliza mambo ya watu wa mbali.

Opareta hujua kabla ya mgeni. Hili mtalikuta, hata kwa mashine zenu hizo. Siku ilipokuja ile simu, ilitoka ubalozi wao wa Nairobi, hata leo sijui walijuaje yuko kwetu, na yule bwana alipotaja jina la Sinyora sauti yake ilikuwa tayari imevaa nguo za msiba. Nilichomeka waya, nikasukuma swichi kuhakikisha wanasikizana, nikasikia neno moja, moyo, ambalo kwa lugha yao linakaribiana na la Kitaliano. Nikarudisha swichi. Kupitia kioo nilimwona akiuliza swali, akasikiliza, akauliza tena lile lile, maana midomo ilikwenda vile vile. Kisha akaiweka simu pole pole.

Nilivua hedifoni nikaenda kwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuacha ubao na vifuniko vinaanguka. Mama Atieno aliketi mahali pangu.

"Wanasema ni moyo," Sinyora aliniambia. "Alikuwa akipanda ngazi huku akiimba. Moyo gani?"

Nililia mimi kabla yake. Mume wangu nilimwona, japo alikuwa ameharibika. Nilimjua kwa mkono. Nilijua amekufa vipi na wapi, na nilijua amelazwa wapi. Huyu alikuwa amepewa neno moja tu kwenye waya.

Mjumbe alikuja kwa ndege siku chache baadaye, bwana mfupi wa suti ya kijivu, mwenye adabu nyingi. Sinyora alimpokea mara hiyo moja, kwenye ukumbi mdogo, na baadaye akaniambia yote. Jenerali aliyeshika nchi anataka mazishi ya kitaifa. Maiti imehifadhiwa, inamngoja mjane. Aende, ataketi kiti cha mbele kando ya Jenerali, atapokea bendera iliyokunjwa, kisha ataruhusiwa kumwona mumewe na kumzika kijijini kwa wazazi wake. Asipokwenda, hatamwona. Habari nzima ndiyo hiyo, na mjumbe aliieleza kama mtu anayekueleza saa za kifungua kinywa.

Mwanamke yule alitaka jambo moja tu duniani, kumwona mumewe. Amfunue, amtazame kifua na kichwa, ajue walimfanya nini. "Nikimwona tu," alisema, "hata wakiniua siku ya pili." Lakini kumwona kulikuwa baada ya kiti. Akishaketi pale, basi nchi nzima imeambiwa ni moyo, na aliyewaambia ni yeye. Hata angefunua maiti na kukuta mashimo, nani atamsikiliza mjane aliyekwisha kupokea bendera kutoka mikononi mwa muuaji?

Alikaa kijumbani siku nzima ile pasipo simu ya kungoja. Jioni akaniuliza, "Wewe ulifanya nini, mumeo alipokufa?"

Nikamweleza eda. Nilimweleza kama ilivyo, bila ya kuipamba. Kwamba mjane kwetu hukaa ndani, havai cha kupendeza, haitwi shughulini, haitwi barazani, haonani na wanaume wa kando, na mwenye kuja na neno lake, hata awe nani, husubiri. Kwamba mimi mwenyewe niliichoka mno, nikahisi kuta zinanisogelea, lakini muda ule wote hapana aliyethubutu kuniambia simama hapa au keti pale.

"Hata serikali?"

"Mkuu wa tarafa alikuja na makaratasi ya ajali. Mamangu alimrudisha mlangoni."

"Mimi si Mwislamu."

"Najua, Sinyora. Umefiwa lakini."

Asubuhi hakutoka chumbani. Alimwita mtandika vitanda akamwambia kwa ishara na maneno machache niliyomfundisha: eda, mwanamume hapana. Nami nikatoa buibui langu la akiba nikampelekea, ajifunike akitaka kupita kuja kwenye simu.

Wallahi nilidhani watu watacheka. Hapana aliyecheka. Neno lilipita hoteli nzima, na hao wafanyakazi wetu, Wagiriama, Waswahili, watu wa bara wa kanisani, kila mmoja akalishika kama amri. Waandazi wa kiume waliacha sinia mbali na mlango, akalichukua mwanamke. Mtunza bustani alihama upande ule. Mwenye hoteli, jamaa yake wa damu, alikwenda kumsalimu akarudishwa na mtandika vitanda, akarudi akikuna kichwa. Askari wa lango la bustani alikuwa Katana, Mgiriama wa Ganze, mtu ambaye hata kuomba ruhusa alikuwa akiona haya. Mjumbe alipofika na suti yake ya kijivu, Katana alisimama katikati ya njia. Mimi niliitwa kutafsiri, maana mjumbe alijua Kitaliano.

"Mwambie nina ndege inangoja," mjumbe alisema.

"Mama ana eda, bwana," Katana akajibu.

"Eda ni nini?"

"Amefiwa."

"Najua amefiwa, mimi ndiye niliyemletea habari."

"Basi ukijua, mbona waja?"

Sikuitafsiri hiyo ya mwisho kama ilivyo. Mjumbe akauliza hii ni sheria ya nani. Katana akafikiri, akasema ni ya waliofiwa, na kwamba kama bwana ana haraka anaweza kuacha salamu. Mjumbe alinitazama kama aliyeingia nyumba ya wendawazimu. Alirudi kesho yake na maua, akayaacha kwa Katana. Alirudi tena na kasisi wa kizungu kutoka mjini, naye kasisi, alipoelezwa, akasema wamwache mwanamke alie. Mwisho mjumbe alipiga simu yake Nairobi kupitia kwangu, nikasukuma swichi, nikarudisha. Akafunga mkoba akaondoka.

Nilifurahi siku ile, siwafichi. Jikoni tulipika pilau. Mama Atieno akasema, "Jenerali mzima ameshindwa na askari wa lango la bustani," tukacheka hadi mwenye hoteli akachungulia. Sinyora mwenyewe hakucheka, maana ushindi wake ulikuwa na maana kwamba hatamwona mumewe, na hilo yeye alilijua tangu alipojifunika. Alikuwa amechagua. Kiti kitakuwa kitupu, watu wa kwao watakitazama, watajua. Hilo ndilo alilobaki nalo. Aliniambia, "Sikuweza kumzika. Angalau sitamzika mara mbili."

Gazeti lilifika na wageni wa Kitaliano, la juma lililopita, limekunjwa na lina mafuta ya jua. Mgeni mmoja alilisahau kwenye meza ya mapokezi. Mama Atieno aliliona kwanza, akaniita, na kwa namna alivyoniita nilijua.

Ilikuwa picha kubwa. Jeneza, bendera, kanisa kubwa, safu ya wanajeshi. Mbele kabisa ameketi Jenerali, na kando yake mwanamke wa nguo nyeusi, mtandio mweusi umemfunika uso hadi kidevuni. Ameketi wima, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, na juu ya mikono bendera iliyokunjwa. Chini yake pameandikwa kuwa mjane wa rais, kwa utulivu mkubwa, amemuaga mumewe.

Mama Atieno akasema tulichome. Nikasema la. Ni mumewe. Nililipeleka chumbani mimi mwenyewe.

Aliitazama picha muda mrefu karibu na dirisha. Nilitarajia apige ukelele, au aniangukie. Akaweka kidole juu ya miguu ya yule mwanamke. "Viatu hivi," akasema, "mimi sina viatu kama hivi." Kisha akaniuliza kama nina nafasi ya kumwombea simu ya kwao, sasa hivi, kwa kuwa ofisi zitakuwa zimefunguliwa.

Siku zile mtu aliweza kuomba simu ya ng'ambo kwa njia mbili. Unaweza kuomba nambari tu, akipokea yeyote unazungumza naye. Au unaomba ya mtu kwa mtu: unataja jina la unayemtaka, na opareta wa Nairobi ndiye anayemuulizia kule, asipokuwapo hulipi kitu. Sinyora alitaka ya mtu kwa mtu. Nambari aliyonipa aliitoa kichwani, ya ofisi ya mke wa rais. Nikamuuliza, jina la anayetakiwa?

Akanitajia jina lake mwenyewe.

Mkono wangu ulikuwa na waya, ukabaki hewani. Nikamtazama kupitia kioo, naye alikuwa ameketi vile anavyoketi siku zote, buibui langu limemfikia magotini tu kwa urefu wake. Nikachomeka. Nikawaambia wa Nairobi: mtu kwa mtu, na nikalitaja lile jina, herufi moja moja. Nairobi wakaita London, London wakaita kule. Niliisukuma swichi mbele na sikuirudisha. Mama Atieno alikuwa nyuma yangu, aliiona, akaiacha.

Simu ililia kule mbali, sauti nyembamba kama ya wadudu. Ikapokewa na mwanamke. Opareta akamuuliza kwa Kiingereza kama bibi fulani yuko. Katika kijumba Sinyora aliinua kichwa, maana mpigaji husikia, na baadaye aliniambia yule alikuwa katibu wake, aliyeketi naye chumba kimoja tangu siku ya kwanza ya meza ile.

"Yupo," katibu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye watu wamemsimamia. "Bibi yupo nyumbani. Amechoka na mazishi, amelala. Nani anamtaka?"

Opareta wa London akauliza nani anaita. Nairobi wakaniuliza mimi. Nikamtazama Sinyora, naye akatikisa kichwa kukataa.

Nairobi wakarudi kwangu kwa maneno yetu ya kazi, yale yale ya kila siku: anayetakiwa yupo lakini hapokei, mwambie mteja wako ajaribu kesho. Nilipaswa kumfikishia, ndiyo kazi. Nilitamani ubao uniungulie mikononi nisiseme. Nikamwambia.

"Wanasema upo, Sinyora. Umelala. Ujaribu kesho."

Akaiweka simu mahali pake, akajitanda buibui vizuri usoni, akasimama.

"Mwache alale," akasema, akarudi chumbani kumalizia eda.